Salamu Ndefu ya Langoni

Nyinyi mnaojifunza useremala katika karakana ya shule mna bahati moja ambayo hamuioni: mnaruhusiwa kuulizana. Juzi nilipita dirishani kwenu nikamsikia mmoja akimwuliza mwenzake, "Hii patasi inanolewa upande upi?" Mwenzake akamjibu, tena kwa kumtukana kidogo. Wakati wetu swali kama hilo lingekaa mdomoni mpaka saa ya mapumziko, na patasi ingekuwa imeshaharibika.

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu kazi hii. Sina elimu kubwa. Shule hii hii ya mapadri, hapa mjini Shinyanga, ndiyo iliyonifundisha herufi, lakini niliishia darasa la nne. Mengine nimeyasoma mwenyewe, kitabu baada ya kitabu, kwa utaratibu wa fundi: sianzi ubao wa pili kabla wa kwanza haujakaa sawa. Kazi nimeiacha kabla ya uzee kwa sababu vumbi la mbao limenimaliza macho. Kwa hiyo nitaandika kipande kwa kipande, na mtanivumilia vipande vikija bila kufuata miaka.

Nianze na mbao. Mti uliokatwa leo si ubao, hata ukiupasua vizuri namna gani. Mninga unamsamehe mwenye haraka, mti wa mkurungu haumsamehe. Panga mbao kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite, na ncha zake zipake kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na udongo, maana ubao huanza kupasuka nchani kama kisigino cha mtu wa shamba. Kisha ngoja. Ukitaka kujua kama umekauka, gonga kwa kifundo cha kidole. Mbichi hunyamaza. Mkavu hulia kama mtungi mtupu.

Hilo nilifundishwa na Bruda Anselmi, Mzungu mrefu mwenye ndevu zilizojaa unga wa mbao. Kiswahili chake kilikuwa na maneno machache, na nusu ya hayo yalikuwa majina ya vifaa: randa, msumeno, keekee, tezo. Mengine yote aliyafundisha kwa mikono. Aligonga ubao, akatega sikio, kisha akakutazama. Ukitikisa kichwa kukubali kabla hujasikia kitu, alijua, na alikurudishia ubao mpaka usikie.

Mimi nilikuwa mwepesi wa kutikisa kichwa. Dawati langu la kwanza nililitengeneza kwa mbao ambazo niliamini zimekauka kwa sababu nilichoka kuzingoja. Lilipendeza sana. Likapelekwa darasa la pili. Kiangazi kilipokolea, Padri Mkuu alikuja kuwasikiliza wanafunzi katekisimu, na katikati ya amri ya nne dawati langu likapasuka kwa mlio wa bunduki. Darasa zima lililala chini. Mmoja akamlilia mama yake kwa Kisukuma, "Mayu, nakufa!" Padri mwenyewe alishika ukuta. Bruda Anselmi aliitwa, akainama, akaingiza ukucha wake katika ufa, akanitazama, akasema neno moja: "Mbichi." Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuna mwanafunzi aliyeniita kwa jina langu la Kashindye. Niliitwa Mbichi.

Jambo lingine ni ulimi na tundu, yaani kiungo cha ncha ya ubao mmoja kuingia ndani ya mwingine. Siku hizi naona mnapiga misumari kila mahali, na misumari ni mizuri kwa sanduku la kusafirishia vitu. Dawati hukaliwa na mtoto, na mtoto hatulii. Kila anapojitikisa, msumari unapanua tundu lake. Ulimi uliochongwa vizuri ukaingia tundu lake kwa kugongwa kidogo hubana zaidi kila unapotikiswa. Kuna madawati ya wakati wetu ambayo mnayakalia mpaka leo. Yageuzeni mtazame chini yake. Gundi tuliichemsha wenyewe kutoka ngozi na kwato. Ilinuka hata wanafunzi wakapita karakana wameshika pua. Miguu ya madawati tuliipaka mafuta machafu tuliyopewa na watu wa reli, na mchwa wakaiacha.

Sasa nizungumzie kimya, kwa sababu hamwezi kuelewa shule ile bila hicho.

Tukikutana sokoni sisi tuliosoma pale, kila mmoja ana hadithi yake ya kiboko. Wengine wanasimulia baridi ya kuoga alfajiri, wengine uji usio na chumvi. Mimi nakumbuka kimya zaidi. Kilikuwa cha aina mbili. Kimya kidogo kilikuwa cha darasani na karakanani: husemi mpaka uulizwe. Kimya kikuu kilianza baada ya sala ya jioni na kuisha misa ya asubuhi ilipomalizika. Katika hicho hakuna aliyesema neno, hata akiumwa na siafu. Aliyevunja alipiga magoti mlangoni pa bwalo, bakuli la uji mikononi, akiangalia wenzake wakila, mpaka wamalize. Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye, alinichekesha siku moja. "Mke wangu huniuliza, 'Baba Shija, mbona ukiamka husemi?' Namwambia, 'Ningoje, misa haijaisha.'" Alicheka, nami nikacheka, kisha tukakaa bila kusema kitu. Hakuna aliyeona ajabu.

Nilipomaliza darasa la nne nilibaki pale kama fundi wa shule. Mfanyakazi hakuwa chini ya sheria ya kimya, lakini hakuwa na wa kusema naye. Wanafunzi walikatazwa kuongea na wafanyakazi nje ya kazi. Mapadri walikula nyumbani kwao. Watu wa mjini, wenye maduka, wengi wao Waislamu waliotoka pwani na Tabora, walitusalimu vizuri tu tulipokwenda kununua misumari, lakini walituita "watu wa mapadri", na baada ya salamu walirudi kwenye mazungumzo yao. Nililala chumba cha nyuma ya karakana. Nilikula peke yangu, nimekalia kipande cha gogo. Miaka ikapita hivyo. Kuna siku neno langu la kwanza nililitoa jua likiwa linashuka, na sauti yangu ikanishtua kwa ukavu wake.

Siandiki haya mnihurumie. Fundi anahitaji utulivu. Lakini nataka mjue utulivu ule ulitoka wapi, ndipo mtaelewa ilikuwaje kwangu asubuhi ninayotaka kuwaeleza.

Kulikuwa na mwanafunzi wa darasa la tatu, Petro Masanja, Msukuma wa kijiji cha Didia. Baba yake alikuwa amefariki msimu uliotangulia. Alikuwa na mkono mzuri, alichonga ulimi bila kuukosea pembe, na Bruda alimpa patasi yake mwenyewe aitumie, jambo ambalo mimi sikupewa mpaka nikaota ndevu.

Asubuhi hiyo ya kiangazi nilikuwa langoni. Lango lilikuwa limelegea bawaba, likawa linaburura chini, na nilitaka kulimaliza kabla jua halijawa kali. Wanafunzi walitoka bwenini kwenda kanisani, wawili wawili, mikono kifuani, macho chini. Njia yao ilipita karibu na lango, karibu kiasi cha kusikia nyayo zao. Nje ya ua wa minyaa alikuwa amesimama mwanamke mwenye mzigo kichwani, jembe limefungwa juu ya mzigo. Mtu akibeba jembe lake safarini, hakusudii kurudi kesho.

Alimwona mwanawe, na mwanawe alimwona. Nilijua kwa sababu Masanja alikosea hatua, akamkanyaga aliye mbele.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wale waliokulia mjini. Kwa Wasukuma, na kwetu Wasumbwa vilevile, mdogo ndiye anayeanza salamu. Mama hamwamkii mtoto, hungoja aamkiwe. Mwanamke yule alingoja. Masanja akawa anapita. Ndipo mama akafanya jambo ambalo mama hafanyi: akaanza yeye.

"Mwangaluka, Masanja!"

Hiyo ndiyo salamu ya asubuhi. Kijana aliinamisha kichwa zaidi. Shingo yake niliiona imekaza kama kamba ya ndoo. Mstari ukaingia kanisani, na mlango ukafungwa.

Aliyelelewa na shule aliona mtoto mtiifu. Aliyelelewa Didia aliona mtoto aliyemkana mama yake mbele za watu.

"Basi," mwanamke alisema, wala si kwangu. "Amenijibu."

Nilijikuta nikisema. Tulizungumza Kisukuma, changu kikiwa na lafudhi ya kwetu, na hapa nakigeuza.

"Mayu, si yeye. Ni sheria ya shule. Hawasemi mpaka misa iishe."

"Sheria ya nani?"

"Ya mapadri."

"Mapadri hawana mama?"

Akaendelea, macho yake bado mlangoni pa kanisa. "Mimi sikuja kumtoa shuleni, usiogope. Mume wangu alipokufa, mdogo wake alitaka kunirithi. Nimekataa. Kaka yangu amekuja kunichukua twende Geita, huko anakochimba dhahabu. Lakini mtoto ni wa ukoo wa baba yake, ng'ombe wa mahari walitolewa. Nilitaka kumwuliza neno moja tu: shule ikifungwa, atakwenda Didia kwa baba yake mdogo, au atakuja kwangu? Akisema Didia, ni haki yake, sitatuma mtu kumfuata. Sitaki kumgombanisha na watu wake. Nilitaka kusikia kwa mdomo wake mwenyewe. Sasa nimesikia."

"Hujasikia kitu, mayu. Ngoja misa iishe."

"Kaka yangu yuko barabarani na wenzake, wana safari. Na nimngoje nani? Aliyenipita kama kisiki?"

Akaweka mzigo sawa kichwani, akageuka.

Niliwaza kwenda kumwita Masanja. Lakini mwanafunzi hatolewi kanisani ila kwa ruhusa ya Padri, na Padri alikuwa altareni. Niliwaza kumshika mama yule mkono, na mgeni hashiki mkono wa mama wa watu. Nilikuwa na bisibisi, na hakuna parafujo inayoweza kumzuia mtu kuondoka.

Ndipo nikakumbuka kwamba tulikuwa tumezungumza yote hayo bila kusalimiana. Tulianza maneno katikati, kama Wazungu. Na kwetu mtu aliyesalimiwa hageuzi mgongo mpaka salamu imalizike. Hata mwenye haraka ya mgonjwa husimama.

Nikaweka bisibisi chini, nikashikanisha mikono, nikainama.

"Mwangaluka, mayu."

Alisimama. Niliona mgongo wake ukifikiri. Kisha akageuka taratibu, kwa sababu ya mzigo, akaitikia kama inavyopasa. "Mwangaluka, baba."

"Mmeamkaje huko mlikotoka?"

"Tumeamka salama."

"Nyumba haijambo?"

"Haijambo."

"Na watoto?"

"Hawajambo."

"Na ng'ombe?"

"Wapo kwa wenyewe."

Vijana, mimi si mtu wa maneno. Salamu zangu za kila siku zilikuwa na pande mbili na zilikwisha kabla randa haijafika mwisho wa ubao. Asubuhi ile niliuliza habari za mtama. Niliuliza karanga, na pamba, kama funza wameingia. Niliuliza mvua iliyopita ilikuwaje na ile iliyoitangulia. Niliuliza majirani wa kulia na majirani wa kushoto. Niliuliza kama kisima cha Didia kina maji, na kama maji yana chumvi. Kila nilipoona anataka kusogeza mguu, nilikuwa na mtu mwingine wa kumwulizia hali. Ndani ya kanisa walikuwa wakiimba, na kwa wimbo nilijua misa imefika wapi. Ilikuwa bado mbali.

Nilipoishiwa watu, niliuliza mbwa.

"Mbwa?" alisema. "Unauliza habari za mbwa?"

"Hajambo?"

"Alikufa."

"Pole sana, mayu. Alikufa na nini?"

Alinitazama, akatua mzigo chini. Mdomo wake ulicheza upande mmoja. "Wewe si Msukuma."

"Ni Msumbwa, mayu."

"Nilijua. Salamu zako zinatembea kama msafara wa chumvi wa babu zenu. Haya, alikufa kwa uzee. Umebakiwa na nini? Kuku?"

"Nilikuwa nakuja kwa kuku."

Hapo kaka yake akatokea, mtu mfupi mwenye sururu begani, jasho limeshamtoka. "Dada! Jua hilo! Wenzetu wanatuacha!"

Nikamgeukia nikainama. "Mwangaluka, baba."

Alisimama, sururu begani, akamtazama dada yake, akanitazama mimi. Haraka aliyokuwa nayo ilionekana ikigombana na adabu. "Mwangaluka," alisema kwa shida.

"Mmeamkaje huko barabarani?"

"Tumeamka."

"Na wenzako hawajambo?"

"Hawajambo, na wanaondoka!"

"Na Geita hawajambo? Nasikia mashimo yamekuwa marefu."

"Dada," alisema yule bwana, "huyu fundi amekula nini? Ana maneno kuliko mshenga!"

"Mwache," dada yake akamwambia. Alikuwa amekwisha kuelewa ninafanya nini. Alitupa jicho kwenye mlango wa kanisa, kisha akarudi kwangu. Hakusema kwamba ananisaidia. Alifanya tu kile ambacho salamu inadai: aliyeulizwa naye huuliza. "Na wewe, baba. Kwenu wapi?"

"Upande wa Bugarama."

"Kwenu hawajambo?"

Jibu la salamu kila mtu analo. Hata aliyefiwa husema kwanza hatujambo, kisha ndipo aeleze. Mimi nilifungua mdomo na neno halikuja. Sikuwa nimeulizwa swali lile tangu nianze kazi pale. Mapadri waliuliza kuhusu madawati, na wauza misumari waliuliza kipimo. Kaka mtu aliona salamu imekatika, akainama akashika mzigo wa dada yake. "Haya, imekwisha. Twende."

Kanisani walikuwa bado wanaimba.

"Sijui kama hawajambo," nikasema. Na kwa kuwa nilikuwa nimelianza, niliendelea, kwa sababu nikisimama tu wangeondoka. "Nilikuja shuleni nikiwa nimefiwa na mama. Nilibakiwa na bibi na wajomba. Likizo moja nilikwenda nyumbani kwa miguu, na nilipofika hapakuwa na nyumba. Paa zilikuwa zimeanguka, vichaka vimeota uani. Serikali ilikuwa imehamisha watu kwa sababu ya malale. Waliwapeleka mahali pasipo na mbung'o, sehemu mbalimbali, na hapakuwa na mtu aliyebaki wa kunielekeza. Nililikuta jiwe la bibi la kusagia, kwa sababu lilikuwa zito kubebwa. Nikakaa juu yake mpaka jua likawa la kurudi. Nimeuliza kwa wasafiri miaka kadhaa. Mmoja alisema wako kusini, mwingine alisema magharibi. Kisha nikaacha kuuliza. Kwa hiyo, mayu, sijui."

Kaka mtu alikuwa bado ameinama, mkono juu ya mzigo. Hakuuinua. Alichuchumaa pale pale, sururu akailaza chini.

Mama Masanja alikaa juu ya mzigo wake. "Bibi yako alikuwa nani?" aliuliza.

Nikamtajia. Akaniuliza ukoo wa bibi, na mto waliochota maji, na walilima nini. Aliniuliza kama bibi alikuwa mkali. Nikamwambia alikuwa mkali, alinipiga kwa mwiko. Aliniuliza kuhusu wajomba, mmoja mmoja, kana kwamba wako mahali fulani wanasubiri kuletewa salamu. Nilijibu yote. Sikujua kwamba nilikuwa ninayakumbuka. Sikusikia tena wamefika wapi na misa, na kengele ilipolia nilishtuka kama mwizi.

Mlango wa kanisa ulifunguliwa na sauti zikatoka kama ndege wa kwelea wanaotoka mtamani. Kengele hiyo ilifungua midomo, lakini haikufungua miguu, kwa sababu mstari ulipaswa kufika mpaka bwaloni. Masanja alitoka mstarini mbele ya Padri Mkuu, mbele ya kila mtu, akakimbia. Alifika langoni akainama mbele ya mama yake.

"Mwangaluka, mayu."

Mama hakumwitikia. Alimwacha ameinama vile, salamu ikining'inia, kwa muda uleule aliongoja yeye kuamkiwa kwenye ua wa minyaa. Kisha akaitikia. "Mwangaluka, mwanangu." Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamweleza safari yake, akamwuliza neno lile moja.

Masanja alimtazama mjomba wake, akatazama chini. Nami nilikuwa nimeshika lango bila sababu, maana niliona halikuwa swali dogo. Akijibu Didia, mama anaondoka bila mtoto. Akijibu Geita, ana ukoo mzima wa kukabiliana nao, na bado ni mvulana.

"Nitakuja kwako," alisema. "Baba mdogo nitakwenda kumwamkia kwanza, nimwambie mwenyewe. Lakini sijui njia."

"Njia ya Geita haijifichi," mjomba alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea. "Fuata wenye sururu."

"Peke yake hapiti," mama alisema. "Lile pori si la mtoto." Akanigeukia, wala hakuniuliza. Alisema kama mtu anayemtuma wa nyumbani mwake. "Fundi atakuleta."

"Mimi, mayu?"

"Una kwingine pa kwenda?"

Mjomba alinyanyua sururu yake. "Na aje. Ila akifika, salamu ziwe fupi. Huko tuna kazi."

Wakaondoka. Masanja aliwatazama mpaka walipopotea nyuma ya maduka, kisha akarudi mwenyewe mlangoni pa bwalo, akachukua bakuli, akapiga magoti bila kuamriwa. Padri Mkuu alimwacha pale mpaka wenzake wote wakamaliza. Kisha akaniita mimi.

"Lango bado limelegea," alisema. "Umefanya nini asubuhi yote?"

"Nilikuwa nasalimia, Padri."

"Unasalimia? Watu wangapi?"

"Wawili."

Alinikazia macho. Alikuwa amekaa nchi hii kwa muda mrefu. Sikujua kama atakasirika au la, na mpaka leo sijui kama hakukasirika. "Malizia lango," alisema.

Mjue kwamba sheria haikubadilika kwa sababu yetu. Kimya kikuu kiliendelea, na wengi wenu mna baba waliokiishi. Lakini tangu siku ile, mstari wa asubuhi ulipopita mbele ya karakana, Masanja alishikanisha mikono kifuani kama wote, kisha akainamisha mgongo kidogo upande wangu. Sheria ilihusu mdomo tu. Baada ya muda wavulana wengine wa Kisukuma walianza kufanya hivyo, na Padri, kama aliona, alidhani wanaliinamia kanisa.

Shule ilipokaribia kufungwa, nilifuta randa, nikapaka misumeno mafuta isishike kutu, nikafunika gundi. Nilikwenda kwa Bruda Anselmi kuomba ruhusa. Hakuwa amezoea kuniona nikiomba. Wafanyakazi wengine walikwenda kwao kila mwaka, mimi nilibaki kulinda vifaa.

"Wapi?" aliuliza.

"Nyumbani, Bruda."

Aliacha kupiga randa. Alitafuta neno katika Kiswahili chake kidogo, akalipata. "Nyumbani wapi?"

"Upande wa Geita."

"Kuzuri?"

"Sijui, Bruda," nikamwambia. "Sijafika bado."